Mtoto wa Uzi na Hesabu Zake

Tukitaja mila za kwetu Uvira, wengi hufikiri ngoma, mahari na kilio. Kazi ndogo za mikono ya mama zetu tunazisahau, maana zinafanyika barazani huku watu wanapiga habari. Sisi tunataka kuongea juu ya mtoto wa kuchezea aliyefumwa kwa uzi, na namna gani anatungwa.

Zamani msichana wa huku alijitengenezea mtoto wa gunzi la mahindi ao wa majani makavu ya mgomba, akambeba mgongoni kwa kipande cha kitenge. Kroshe na triko zilikuja baadaye, pamoja na misheni na serikali ya Wabelgiji. Ng'ambo ya ziwa, kule Usumbura ambayo leo ni Bujumbura, kati ya 1946 na 1960 kulikuwa Foyer Social, nyumba ya kufundisha wanawake ushoni na kazi za nyumbani. Lakini mama tuliowaona sisi hawakuishia kwenye vitambaa vya meza. Walichukua sindano ile ngeni wakamfumia mtoto wa gunzi mwili mpya.

Sisi tunafundisha hesabu, na tunasema wazi: mama asiyejua kusoma anafanya jometri kwa vidole. Kichwa kinaanza na vitanzi 6 ndani ya tundu moja. Mzunguko wa pili vinakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24. Ukiongeza 6 kila mara, kazi inabaki bapa kama sahani. Kwa nini 6? Kwa sababu mzingo wa duara ni nusu kipenyo chake mara 6 na kidogo. Basi kila hatua ya kwenda nje inadai karibu vitanzi 6 zaidi. Ukizidisha, ukingo unaleta mawimbi. Ukiacha kuongeza, ukuta unapanda. Ukipunguza 6 kwa 6, kinajifunga, na hapo unajaza pamba ao vipande vya nguo kabla tundu halijaisha.

Mukeke wa ziwa letu ana hesabu nyingine, maana ni mrefu na mdomo wake umechongoka. Tulipomtunga pamoja na wanafunzi, tulianza na 6, kisha 9, 12, 15, tukaweka mizunguko mitupu katikati. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, mkia utalala namna gani?" Mwenzake akabana pande mbili za mfuko, akazifuma pamoja. Kutunga ni hivyo: kumtazama samaki sokoni, kuhesabu, kufuma, kufumua, na mwisho kuandika.

Kuandika ndiko kunakotupungukia. Mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, mama mmoja wa mtaa wetu, fundi wa wanasesere wenye mtoto mgongoni, alivuka kuelekea Kigoma. Hakurudi. Binti yake alibaki na mwanasesere mmoja tu, na hakubali afumuliwe ili tujue siri yake. Ana haki. Tukamhesabu kwa nje, kwa ncha ya kalamu: kichwa vitanzi 36, shingo 12. Lakini namna gani mtoto alishikamana na mgongo bila mshono kuonekana, hiyo iko ndani, nasi hatutaijua.

Kwa hiyo tunawaomba: keti karibu na nyanya akiwa na sindano mkononi, hesabu naye, andika kila mzunguko kwenye mstari wake. Kitanzi kiwe K, kuongeza O, kupunguza P. Mtoto wa shule ya msingi ataelewa. Tena usiache nakala moja tu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, nyumba nyingi zilikwenda na vyote vilivyokuwa ndani. Daftari moja libaki kwako, lingine liende kwa dada aliye mbali na maji.