Muda wa Ndege na Muda wa Wanaosubiri

Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Songwe, kwa mstari mnyoofu wa angani, ni kilomita zinazokaribia 700. Kwa barabara, ukipita Chalinze, Mikumi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga na Makambako, zinazidi 800. Ndege humaliza safari hiyo kwa saa moja na ushee, basi kwa kutwa nzima. Uwanja ule ulipoanza kazi Desemba 2012, sisi wenye asili ya Galula tuliona nyumbani kumesogea. Kwenye ramani, kutoka uwanjani hadi kwetu hazifiki kilomita 50.

Ila ramani haina tope. Ukishuka kwenye ndege unarudi Mbalizi, unaiacha barabara kuu ya Zambia, unaanza kuteremka kuelekea bonde la Rukwa. Masika ikiwa imekolea, kipande hicho kinaweza kula muda mwingi kuliko anga yote uliyoivuka.

Bibi yetu alipofariki, habari zilitufikia Dar usiku. Baadhi yetu tulikata tiketi ya ndege ya asubuhi, wengine wakawahi basi la alfajiri. Tulipokaribia Songwe, ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ilizunguka mara kadhaa, kisha rubani akatangaza kuwa tunarudi Dar. Wenzetu wa basi walifika siku ileile. Sisi tukafika kesho yake, na mazishi yalikuwa yanatusubiri.

Kusubiri kwenyewe nilikuona kwa macho. Kaburi lilikuwa tayari, limefunikwa turubai kwa sababu ya mvua, na vijana walikuwa wakipokezana kumwaga maji yaliyojaa juu yake. Mama mdogo alikuwa na majivu hadi kwenye viwiko. Sufuria za msiba zilikuwa hazijashuka mafigani tangu jana yake.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Poleni na safari.”

Pole ile iliniingia. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye viti, yeye hakuwa amelala. Tangu hapo naamini muda wa safari hauishi kwa sababu msafiri ameupunguza. Sehemu yake humwangukia mtu mwingine. Nikifika Galula mapema, ni kwa sababu mdogo wangu ameacha shughuli zake, amekaa Mbalizi na pikipiki tangu asubuhi akiangalia angani. Tiketi yangu inaonyesha saa ya kuondoka na saa ya kutua. Saa zake yeye haziandikwi popote, wala hazilipwi. Na tunaoishi mbali tumezoea kujiona ndio tuliochoka.

Siipingi ndege. Imewahisha wagonjwa hospitali za rufaa, imewafikisha watoto kwa wazazi wao wangali hai. Ninachokataa ni kuhesabu safari kuanzia mkanda unapofungwa hadi unapofunguliwa.

Siku hizi kabla ya kuulizia nauli napiga simu Galula. Nauliza mvua imefikia wapi, nani ana nafasi ya kunifuata, na kama palizi imeanza. Wakiwa shambani, napanda basi la usiku, maana mabasi hayo yameruhusiwa tena tangu 2023, nashuka Mbalizi na kutafuta gari la abiria mwenyewe. Nachelewa, naam, lakini mdogo wangu anabaki na siku yake ya jembe.