Maghorofa ya Vancouver, Mitaa ya Upanga

Ukiyatazama kutoka majini, maghorofa ya vioo ya Yaletown, mjini Vancouver, Kanada, utadhani ni ya matajiri wasio na watoto. Ni membamba, marefu, na fleti ya vyumba viwili hufika dola milioni moja za Kanada kirahisi. Teremka chini uone. Fleti za chini zina milango inayofungukia barabarani moja kwa moja, kila mmoja na vingazi vyake viwili vitatu, na mbele ya mlango mmoja niliona viatu vya mvua vya saizi tatu vimepangwa, vyote vya matope.

Nilifikia hapo kwa mama mmoja wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam. Nilipomwamkia aliitika marahaba bila kusita, kisha akauliza kama kwenye Daraja la Salenda bado kuna foleni. Nikamweleza habari za daraja jipya lililo jirani, la Tanzanite. Familia yake ilihamia Kanada baada ya 1971, mwaka ambao serikali yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo la baba yake lilikuwa miongoni mwa hayo. Alilitaja mara moja tu, akanimiminia chai.

Dirisha la jikoni kwake linatazama uwanja wa michezo. Nilidhani ni bahati; kumbe ni kanuni. Baada ya maonyesho ya dunia ya Expo 86 yaliyofanyika hapo hapo, eneo lile la zaidi ya hekta 80, lililokuwa karakana za reli na viwanda, liliuzwa mwaka 1988 kwa kampuni ya bilionea wa Hong Kong, Li Ka-shing. Jiji halikumwachia ajenge atakavyo. Lilidai bustani, njia ya wazi kando ya maji, kiwanja cha shule, na sehemu ya nyumba kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 1992 likatoa mwongozo wa nyumba za familia kwenye maghorofa: wenye watoto wakae ghorofa za chini, na mzazi aweze kumwona mtoto anapocheza.

Hata karakana ya treni haikubomolewa. Leo ni kituo cha jamii, na ndani yake limehifadhiwa garimoshi namba 374, lililoleta abiria wa kwanza kutoka mashariki ya Kanada hadi Vancouver mwaka 1887. Watoto hulipanda na kupiga kengele mpaka masikio yaume.

Si kwamba kila kitu kimenyooka. Shule ya msingi ya Elsie Roy, iliyofunguliwa 2004, ilijaa upesi kwa sababu watoto walikuja wengi kuliko wapangaji wa mji walivyotarajia. Na utaratibu wa jengo, jamani! Ukihamia na kabati lako sharti uweke miadi ya lifti, na ada ya huduma ya kila mwezi haingoji mtu.

Masaki, Dar es Salaam, nako tunayo maghorofa ya kifahari. Yana jenereta, bwawa, chumba cha mazoezi na askari wa getini mwenye daftari la wageni. Nje ya geti, mara nyingi hakuna hata njia ya miguu. Mtoto hutoka ndani ya gari na kurudi ndani ya gari. Akitaka mpira, atacheza kwenye maegesho na kusimama kila gari likipita. Kwa hiyo Yaletown haikunikumbusha Masaki hata kidogo. Ilinikumbusha Upanga: fleti za zamani za Shirika la Nyumba, miti mikubwa, muuza maandazi chini ya ngazi, na watoto wakienda kwa miguu shule za Olympio au Diamond. Rangi za kuta zimebanduka, lakini mtaa upo.

Sheria yetu ya umiliki wa sehemu za majengo, ya mwaka 2008, inakupa hati ya fleti yako huko juu. Mtaa wa chini haikupi. Ukipelekwa kuona fleti, basi, usianzie kwenye bwawa. Muulize dalali shule ya msingi iko umbali gani kwa miguu, halafu itembee njia hiyo mwenyewe, saa moja asubuhi.