Vitongoji vya Nandagala

Sisi wa mwambao tunayo desturi ya kuwaita watu wa bara washamba. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni mwangu mjini Lindi, nami naomba tulipime.

Nandagala ni kijiji katika nchi ya Wamwera, wilaya ya Ruangwa, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Kijiji cha huko ni vitongoji, kimoja hapa, kingine ng'ambo ya mikorosho, na katikati njia ya miguu. Jirani haonekani kwa macho, lakini habari ya msiba ikifika, majembe huwekwa chini.

Nchi hiyo imepata mitihani. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwamo. Mwaka 1951 ukaachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa. Kisha, kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji. Wengi walihamishwa, wakaacha mikorosho na makaburi ya wazee wao katika mahame. Nimewaona wakongwe wakienda huko kwa miguu kufyeka makaburi hayo.

Je, sisi ambao kuta zetu zimegusana, tunamjua aliyelala na njaa nyumba ya tatu?

Korosho na ufuta tulao hutoka kwao. Basi ajapo mmoja wao mjini kutafuta matibabu, tumwite ndugu, tumkaribishe maji, tumwulize habari za kwao. Haki ya jirani haipimwi kwa maili.