Sehemu ya 9: Nesi wenu naye ni mama mwenye nyumba

Leo chanjo na kliniki tunaziweka pembeni. Kwenye sehemu ya 8 wengi mliandika kuhusu wenye nyumba, na jamani, mlituchamba! Nasema mlituchamba kwa sababu na mimi napangisha.

Mama yetu alituachia nyumba ya vyumba sita huku Temeke, na watoto tuko wanne. Kabla sijasaini mkataba hata mmoja, ilibidi tukae kikao cha ukoo, twende Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi. Kabla ya hapo kila ndugu alikuwa anapita na kudai kodi kwa wakati wake, wapangaji hawajui wamlipe nani. Kwa hiyo ukipanga nyumba ya urithi, omba kuona barua ya usimamizi. Ukimpa hela shemeji, itakuja kukuliza.

Watu wanadhani kupangisha ni kukaa barazani na kupokea hela. Choo kikijaa, anayetafuta gari la kunyonya ni mimi. Bati likivuja ni mimi, na hapo sheria iko upande wa mpangaji: Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta kuu na mifereji, na amwache mpangaji anayelipa akae kwa amani. Halafu kuna Luku. Vyumba sita, mita moja, mwenye friji na mwenye balbu moja wanachanga sawa. Ugomvi wake usiombe. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye umeme, na 2023 ilipanda, kwa nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mimi nawarudishia wapangaji, majirani wananiona najifanya mzungu.

Sasa tuje kwenye kung'oa mlango, maana ndilo mlilolalamikia zaidi.

Mwaka juzi chumba cha mwisho alikaa mama mdogo tu. Mume alisafiri kutafuta kazi, simu ikawa haipatikani. Akajifungua kabla ya miezi, mtoto akatoka wodini na kilo 1.8, bado anabebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Kodi ya miezi minne hakuna. Kaka yangu akaja na bisibisi: "Mdogo wangu, tutoe mlango, atahama mwenyewe."

Mtoto wa uzito ule hana mafuta mwilini ya kumkinga na baridi. Na mbu je? Nilimwambia, kaka, hata angekuwa kijana mzima asiye na mtoto, mlango hautoki. Ukimtoa mtu kwa nguvu anaweza kukushtaki, akadai fidia, na wewe uliyekuwa unadai ukageuka kuwa mdaiwa.

Njia iliyopo ni hii: unampa arifa ya maandishi. Mkishindwana, mnakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukigonga mwamba ndani ya siku 30, ndipo kesi inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Amri ya kumtoa mpangaji inatoka huko. Na njia hiyo inachosha, msione wenye nyumba wote ni wakali bure. Nilihesabu nauli, nikaomba ruhusa kazini, na chumba kile ndicho kilikuwa kinalipa ada ya mwanangu. Muhula ule nilikopa kwenye kikoba.

Sisi tulimalizia kata. Tukaandikishana alipe kidogo kidogo, na akae mpaka mtoto afikishe kilo 2.5. (Kipimo hicho nilikitoa mimi, nesi hajifichi.) Alilipa miezi miwili, akahamia kwao Morogoro. Miwili hajalipa mpaka leo, na ndugu zangu waliikata kwenye fungu langu.

Wewe unayetishiwa mlango wiki hii: tafuta mkataba wako, ujumbe wa malipo ya simu na risiti zote, viweke pamoja. Wakigusa mlango, piga picha siku hiyo hiyo. Asubuhi nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umbebe na mtoto, mwenyekiti amwone. Deni usilikane, sema unaweza kulipa kiasi gani na lini, na kiandikwe. Usiku huo chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Sehemu ya 10 ni jiko la mkaa ndani ya chumba cha kupanga. Wapangaji wangu wameshanisikia mpaka wamechoka, sasa zamu yenu.