Kibali na Idhini: Ndege Nyuki Juu ya Bonde la Msimbazi

Lugha yetu ina maneno mengi ya kuombea njia. Tuna ruhusa, kibali, idhini na ridhaa. Na kabla ya hayo yote tuna hodi, ambayo mtoto huifunza hata hajajua kusoma. Kamusi hupenda kuyafafanua manne ya kwanza kwa kurejeleana, kana kwamba ni pacha. Katika miaka yangu thelathini na ushei ya kufundisha Kiswahili sekondari niliwataka wanafunzi wayatofautishe, nao waliona ni usumbufu wa mwalimu tu. Mwaka jana, nikiwa mstaafu, suala hilo lilinirudia kupitia chombo ambacho sikuwahi kukitia katika somo: ndege nyuki.

Nianze na asili ya maneno. Ruhusa na rahisi, huko Uarabuni yalikotoka, ni ya shina moja; mwenye ruhusa amelegezewa jambo. Kibali kimezaliwa tumbo moja na kukubali. Ridhaa ni jamaa ya radhi, na makao yake ni moyoni. Idhini ni ya ukoo wa adhana, na pia wa neno la Kiarabu lenye maana ya sikio. Kwa hiyo mtoa idhini, tukiifuata asili, ni mtu aliyekwisha kusikia.

Kijana mmoja niliyemfundisha ana kampuni ndogo ya kupiga picha za anga jijini Dar es Salaam. Alipata kazi ya kupiga picha mapaa, vichochoro na mitaro ya mtaa mmoja ulio kando ya bonde la mto Msimbazi. Safari yake ya kutafuta kibali ilikuwa ndefu. Vyombo hivi vina kanuni zake za mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chombo sharti kisajiliwe, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo sharti iridhie. Haishangazi. Ndege za abiria ziendazo Uwanja wa Julius Nyerere hupita juu ya mitaa iliyosongamana watu, na chombo kidogo kikikosea njia, madhara yake si madogo. Ndiyo maana nchi nyingi, Kenya jirani ikiwemo, zimeweka kikomo cha futi 400, yaani mita zipatazo 120. Barua zake zote, kila moja na "Yah:" yake na "Kumb. Na." yake, zilijaza jalada nene. Baada ya miezi minne, vibali vyote vilikuwa mkononi.

Alinijia na karatasi moja iliyobaki: tangazo la kubandikwa mtaani. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisahihishie sarufi tu." Tangazo lilisema kwamba kutakuwa na "zoezi la upigaji picha za anga kwa ajili ya upembuzi wa makazi hatarishi."

Sarufi ilikuwa safi. Nilimuuliza ni nani atakayelisoma. Katika bonde lile, mwishoni mwa mwaka 2015, nyumba nyingi zilivunjwa baada ya kuchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kabla ya hapo, mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wengine hadi Mabwepande. Kwa mkazi wa hapo, "makazi hatarishi" si istilahi ya kitaalamu. Ni nyumba yake, na anajua kilichowapata waliowahi kuitwa hivyo. Nilimshauri tuonane na watu kwanza, karatasi ifuate. Mwenyekiti wa mtaa akatuitishia mkutano.

Hapo niliona thamani ya jina. Watoto walikiita "droni", vijana "ndege nyuki". Mzee mmoja alisema amesikia redioni "ndege isiyo na rubani", akauliza: ikiwa haina rubani, likitokea la kutokea tumshike nani? Swali lake lilikuwa la kiisimu na la kisheria kwa pamoja. Rubani, kabla ya kupanda ndege, alikuwa mwongoza vyombo majini, mjuzi wa miamba na mikondo. Chombo hiki kinaye rubani. Ameketi chini tu. Kanuni zenyewe hukitaja kuwa ni chombo kinachoongozwa kutoka mbali. Nilimwomba kijana asimame, nikasema: "Rubani ndiye huyu." Mkutano ukamtazama, naye akainamisha kichwa kwa adabu.

Kisha bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, uani kwangu nafua, naoga, nasuka nywele. Hiyo picha akikaa nayo nani? Na akishaiona nyumba yangu, anaifanyaje?"

"Shikamoo, bibi," kijana alijibu. "La kwanza nalijua. La pili nitakwenda kuuliza."

Jibu hilo lilimgharimu. Aliyempa kazi hakupenda kuulizwa, na kwa wiki mbili kijana alidhani mkataba umekwenda na maji. Hatimaye likaja jibu la maandishi: picha zitatumika kuchora mitaro na njia za maji, ila haiwezi kuahidiwa kwamba hakuna nyumba itakayohamishwa siku za usoni. Kijana alitaka sehemu ile ya pili tuiache, isije ikaharibu kazi. Nilikataa. Tangazo jipya tuliliandika hivi: "Siku ya Jumanne, saa mbili hadi saa nne asubuhi, ndege nyuki itapita juu ya mtaa wetu kupiga picha za mapaa na mitaro. Picha hizi ni za kuchorea njia za maji. Hatukuahidi kwamba hakuna nyumba itakayohamishwa baadaye. Mwenye swali amwone mwenyekiti."

Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki. Wawili walikataa kata kata, na kibali cha serikali hakikuwajali: kisheria ndege iliweza kupita. Kijana alipunguza eneo, akaiacha pembe yao. Yule bibi aliomba tu asubuhi ile apewe muda wa kuanua nguo zake. Akapewa.

Usiku ule niliandika ubeti huu, na ninauleta mbele yenu mafundi mnisaidie kuunyoosha:

Hodi hupigwa mlango, si juu ya paa letu,
Uani tuna mipango, na siri za ndani mwetu,
Kwanza tueleze lengo, ndipo upitie kwetu,
Ewe nyuki wa wenzetu, anga nayo ina wenye.

Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na neno ridhaa limepata kazi mpya katika ofisi zetu. Ninalifurahia. Hata hivyo, hatuwezi kuomba ridhaa kwa lugha ambayo muombwa haielewi. Ndugu washairi na wapenzi wa lugha, matangazo ya namna hii yataongezeka mijini mwetu. Mkiombwa kusahihisha sarufi yake, ulizeni pia ni nani atakayeyasoma, na akiyasoma ataogopa nini.