Kukariri Si Kufahamu: Nasaha kwa Anayetaka Kusoma Sheria



Wazee kadhaa wamepita barazani kwangu hapa Kariakoo wakiwa na swali moja: mtoto wetu anataka kusoma sheria, je, tumtayarishe vipi? Huniuliza mimi kwa sababu wanajua nimemlea binti wa marehemu dada yangu mpaka akawa wakili. Sipendi kulijibu swali hilo kwa haraka, kwani katika safari ile yalikuwamo makosa, na makubwa yao yalikuwa yangu. Nimeona afadhali niyaandike, huenda yakamfaa mzazi mwingine.

Baba yetu alituachia nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ua, katika mtaa mmoja hapa hapa mjini. Alipofariki hatukugawa mirathi. Tulisema, "Sisi ni ndugu, tuna haraka gani?" Mimi nilikuwa nikisomesha mirathi madrasani, mafungu ya warithi nayajua kama vidole vya mkono wangu, lakini nyumbani kwetu nilinyamaza. Mwaka 2003 kaka yetu mkubwa, ambaye naye sasa ametangulia mbele ya haki, alileta karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza akasema ni ya kodi ya kiwanja. Tukatia saini. Kumbe ilikuwa ni ridhaa ya kuuza. Leo pale pamesimama ghorofa, na dada yangu alikufa hali ya kuuliza fungu lake limekwenda wapi.

Basi binti yake aliposema kwamba atasoma sheria, sikumzuia. Wapo jamaa walioniambia ya kuwa elimu ile si yetu, na mwanamke anafuata nini mahakamani. Niliwakumbusha kwamba chuo cha kwanza cha sheria katika nchi hii kilizaliwa mlangoni mwetu, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Na miongoni mwa wanafunzi wale wachache wa mwanzo alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Elimu hiyo ilianza safari yake hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Kama watoto wetu hawakuifuata ilipopanda Mlimani, tusiseme kwamba ilitukimbia.

Nikamtayarisha kwa njia niliyoijua. Kila alfajiri alikariri, kila magharibi nikamsikiliza. Akafaulu kidato cha sita, na mwaka 2018 akaingia chuo kikuu. Mwisho wa muhula wa kwanza alianguka somo moja. Alinificha wiki mbili nzima. Usiku mmoja baada ya isha akaja akaketi mkekani, akaniwekea karatasi ya matokeo bila ya kusema neno.

Neno langu la kwanza lilikuwa la hasira. Nilimwambia, "Hukukariri ya kutosha."

Akaniambia, "Mjomba, nimekariri yote. Nisikilize." Akanisomea orodha ya kesi kwa majina na miaka yake, hata nikastaajabu. Moja ikanishika, kwa kuwa ilikuwa ya watu kama sisi: Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983. Nikamuuliza, "Katika hao aliyeshinda ni nani?" Akajibu bila ya kusita, "Bi Hawa." Nikamuuliza, "Kwa nini?" Akanyamaza.

Nikamwambia aitafute hukumu yenyewe, si muhtasari wake. Tuliisoma usiku tatu, yeye akifasiri na kamusi ikiwa kati yetu. Tukaona kwamba Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua jambo kubwa: kazi ya mke nyumbani, kupika, kufua na kulea, nayo ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwani ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzishia mradi naye akazitumia ovyo, zikahesabiwa kuwa ndilo fungu lake. Kanuni ilisimama, na mdai akatoka mikono mitupu. Binti akafunika uso kwa mtandio akasema, "Mjomba, nilikuwa nalijua jina lake tu."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Tulipomsomea Safina hakutuacha kufungua ukurasa wa pili kabla hajatupa mas'ala. Mtu yuko safarini, ana maji kidogo, na mnyama wake ana kiu. Je, atatawadha au atamnywesha? Anayejibu kwamba atamnywesha kisha atayamamu aliulizwa kwa nini. Na akijua kwa nini, aliulizwa tena: kama mnyama ni mbwa mkali anayeuma watu, hukumu ni ile ile? Mimi nilichukua kwake kukariri, na lile swali lake nikaliacha njiani. Nilikuwa nimerithi nusu ya mwalimu wangu, na nusu hiyo ndiyo niliyompa mtoto.

Tangu siku ile tulibadili mwendo. Kila usiku nilimpa mas'ala moja ya mtaani kwetu. Mfanyabiashara amelipa kilemba cha fremu ya duka, mwenye nyumba akafa, warithi wanamtoa. Nikamtaka aseme mambo manne kwa utaratibu: kilichotokea ni nini, hoja inayogombaniwa ni ipi, kanuni inayohusika ni ipi na imetoka wapi, kisha kanuni hiyo inaingiaje katika jambo hili hasa. Alipomaliza mimi nilijifanya wakili wa upande wa pili nikambishia, na asubuhi akaandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Nalitilia mkazo hili la lugha. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kwa sheria kuwa lugha ya mahakama, na ni jambo la kushukuru. Lakini vyuoni bado wanasoma kwa Kiingereza, na hukumu nyingi za zamani ndizo hizo za Kiingereza. Mtoto asiyeandika kila siku atakuwa na hoja kifuani na asiweze kuitoa.

Mwezi wa Oktoba 2022, naye ndiyo kwanza amemaliza chuo, yalitoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo kila anayetaka kuwa wakili hana budi aipitie. Kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Mji mzima ulizungumza. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili kuchunguza. Wengine waliwalaumu walimu, wengine vyuo, wengine wanafunzi. Binti akaniambia, "Mjomba, huenda nitafute kazi nyingine."

Nikamwambia, "Mwanangu, 633 ni hesabu ya watu wengine. Wewe unajua ulipojikwaa zamani." Akakubali. Kabla ya kuanza alishinda mahakamani Kisutu na katika mahakama ya mwanzo, kwani mashauri husikilizwa hadharani na kusikiliza hakulipiwi. Akaona jinsi wakili aliyejitayarisha anavyosema kidogo, na asiyejitayarisha anavyosema mengi. Akatafuta wenzake watatu, wakawa wanasahihishana maandishi bila ya kuoneana haya. Mwaka mmoja wa mafunzo ukapita, akafaulu, akaapishwa. Nilimwona ndani ya joho jeusi, nikamkumbuka mama yake.

Wiki iliyofuata alinijia na swali nililokuwa nikiliogopa miaka yote. "Mjomba, ile karatasi ya nyumba ya babu unayo?" Nikamtolea sandukuni. Akaisoma mara mbili, polepole. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba madai ya kurudisha ardhi yana muda wake, miaka 12, na sisi tulikuwa tumekaa kimya zaidi ya 20. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu, ingekuwa nafuu kwangu.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba makadhi ni watatu, na wawili kati yao ni wa motoni: mmoja ni yule aijuaye haki akaenda kinyume chake, na wa pili ni yule anayehukumu kwa ujinga. Mpwa wangu alipokuwa akikariri bila ya kufahamu nilimkhofia asije akawa huyu wa pili. Sikujitazama mimi, niliyeijua haki ya dada yangu nikaifungia kinywani.

Siku hizi kila Jumamosi baada ya alasiri huketi barazani kwangu, na majirani humletea karatasi zao kabla ya kutia saini. Wengi ni wajane. Huwasomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, kisha huwauliza, "Mmefahamu nini?" Nami huketi pembeni nikasikiliza. Basi mzee mwenzangu unayeniuliza jinsi ya kumtayarisha mtoto wako, anza leo usiku. Mpe mas'ala, umsikilize, kisha umuulize kwa nini. Na kama nyumbani kwako kuna mirathi haijagawiwa, igawe kwanza, naye aone.

Wabillahi tawfiq.