Usiitikie Kila Mwito

Mwanangu,

Mwili umeanza kuniaga kidogo kidogo, na baridi ya Juni hii hapa Kalenga imeniingia mifupani kuliko ya miaka iliyopita, kwa hiyo nakuandikia mapema maneno ambayo mzazi hatakiwi kuondoka nayo. Nimepata habari zako na ndugu yako, mtoto wa baba yako mdogo: mpaka wa bustani ya vitunguu kule mtoni Ruaha, maneno yaliyosemwa kwenye kilabu cha ulanzi, na ujumbe mnaotumiana usiku kwenye simu, kila mmoja ukiwa mkali kuliko uliotangulia. Sijakukasirikia. Kijana lazima ajikwae, na mimi ni baba yako ukisimama na ukianguka. Ila nimeona unasema kwamba Mhehe hakubali kudharauliwa, na hapo ndipo nilipoogopa.

Umekulia jirani na nyumba linapohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, ukaona wageni wakilitazama kimya. Lakini kumbuka alipigana na nani. Lugalo mwaka 1891, na hapa Kalenga Wajerumani walipoibomoa ngome yake mwaka 1894, alikuwa mbele ya watu waliokuja kutwaa nchi. Kabla yao kulikuwa na vita vingine ambavyo vijana hamvisimulii sana. Munyigumba, baba yake, alipofariki, Mkwawa na Mwambambe, mtu wa nyumba ile ile, waligombea utawala. Mkwawa akakimbilia Ugogo, akarudi, na Mwambambe akauawa kule Ilundamatwe. Siku ile aliyeua na aliyeuawa wote walikuwa wamekula ugali wa nyumba moja. Ushujaa una mahali pake, mwanangu, na mpaka wa vitunguu si mahali pake.

Sikiliza sasa habari ya mbali, ya makamanda wawili wa jeshi la majini la Marekani, Stephen Decatur na James Barron. Mwaka 1807 Barron alikuwa kwenye meli iitwayo Chesapeake, Waingereza wa meli ya Leopard wakamsimamisha wakitaka mabaharia waliotoroka jeshi lao. Alipokataa walimpiga mizinga, naye akasalimu amri bila meli yake kuwa tayari kwa vita. Mahakama ya kijeshi ilimsimamisha kazi miaka mitano bila mshahara, na Decatur alikuwa mmoja wa waliomhukumu. Barron aliporudi kuomba kazi, Decatur, ambaye kwa wakati huo nchi nzima ilimsifu kwa vita vyake, alipinga waziwazi asirudishwe.

Donda lilikuwa la kweli, sikatai. Lakini lililompeleka mmoja wao kaburini lilianza na umbea. Juni 1819 Barron alimwandikia Decatur kwamba ameambiwa Decatur anajigamba kuwa anaweza kumtukana na asifanywe kitu. Decatur akajibu kwamba hakusema hivyo. Jibu hilo lingetosha. Angeishia hapo, wangezeeka wote wawili. Akaongeza dharau, naye mwenzake akajibu, na barua zikaenda na kurudi miezi kadhaa, mpaka ukaja mwito wa bastola. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Walikutana asubuhi ya Machi 22, 1820, kule Bladensburg, nje kidogo ya Washington. Walisimama hatua nane tu, kwa kuwa Barron hakuona vizuri mbali. Kabla ya kufyatua, Barron alisema anatumaini kwamba wakikutana ulimwengu mwingine watakuwa marafiki zaidi ya walivyokuwa hapa. Decatur akamjibu kuwa hakuwa adui yake kamwe. Mwanangu, soma hapo tena. Wawili wameshapatana kwa midomo yao, silaha zikiwa bado mikononi, na pembeni wamesimama wasimamizi wao, Bainbridge na Elliott, watu wazima wenye vyeo, ambao neno lao moja lingewarudisha nyumbani. Wakaacha hesabu ya kufyatua ianze, na bastola mbili zikalia karibu pamoja. Barron alipigwa nyongani akapona. Decatur alipigwa tumboni, akarudishwa nyumbani kwa mkewe Susan, akafa usiku ule, umri wake miaka 41. Barron aliishi mpaka 1851, wala risasi ile haikumrudishia heshima aliyoitafuta, kwani hakupewa tena meli ya kuongoza baharini.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Wazee waliotuachia methali hiyo walijua kwamba anayesimama katikati akichochea, mwisho hubaki peke yake na aibu. Kwa hiyo chunguza vizuri nani anakuletea maneno jioni, na anapata nini wewe unapokosa usingizi. Akija na “nimesikia amesema,” mwambie mwende pamoja mkamuulize mwenyewe. Wengi wataanza kutafuta kofia zao. Na wewe ukiwa msimamizi wa ugomvi wa wengine, usione haya kufungua mdomo hata ikiwa dakika ya mwisho.

Najua kuna siku utashindwa. Hasira itakutangulia, utasema neno ambalo halirudi. Siku hiyo usijifiche. Nenda asubuhi kabla jua halijapanda, maana kosa la usiku mmoja hurekebishika, na la mwaka mzima huota mizizi hadi kwa wajukuu.

Kuhusu mpaka, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji na shangazi yenu, yeye aliyeona babu yenu akipanda ile miti, mpime mchana watu wakiona. Mstari ukisogea upande wako kwa hatua mbili, ziache. Nimekwisha kukupa radhi yangu, haingoji matokeo ya kipimo hicho. Ila ningependa siku mtakayonizika, wewe na yeye mshike jeneza upande mmoja.

Baba yako.